Maneno ya kwenye kopo la maziwa yananichoma. Nisaini barua ya kutaka yaondolewe?

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 29, naishi Ilazo hapa Dodoma, na ni mtumishi katika ofisi moja kule Mtumba. Nina mtoto wa kwanza, wa kike, ana wiki 10. Yeye alizaliwa salama, ila mimi nilitokwa na damu nyingi hadi nikaongezewa. Maziwa yalichelewa kutoka, na yalipotoka yakawa kidogo. Mtoto akapungua uzito, akawa halali kwa njaa, ndipo daktari akaniandikia maziwa ya kopo ya kumwongezea kila anapomaliza kunyonya. Alichangamka. Alipofikisha wiki 6 kadi ya kliniki ilisoma kilo 4.4.

Wakati huohuo mama mkwe alikuja kutoka Kongwa kunisaidia. Ni mtu mwema, anamwogesha mtoto na kunipikia, sina la kumlalamikia. Siku moja mume wangu alichukua lile kopo akasoma kwa sauti: tangazo muhimu, maziwa ya mama ndiyo chakula bora kwa mtoto, haya yatumike kwa ushauri wa mtaalamu wa afya tu, yakiandaliwa vibaya yanaweza kumdhuru mtoto. Nadhani hakusoma kwa ubaya. Lakini mama aliniuliza, "Sasa mwanangu, kama wenyewe walioyatengeneza wanasema yanadhuru, wewe unampaje?" Sikuwa na jibu. Nililia usiku ule nikiwa nimemgeuzia mume wangu mgongo.

Tangu hapo kopo jipya likinunuliwa nayamimina maziwa kwenye kopo la plastiki la siagi, lile lenye maandishi nalitupa, kijiko chake nakibakiza. Sitaki mgeni alione. Jirani mmoja alishaninong'oneza kama "nimepima". Nilimwelewa. Huku mtaani ukionekana na kopo wanakuhesabu una virusi vya UKIMWI papo hapo. Nilipima kliniki na sina, lakini karatasi ya majibu nimwonyeshe nani?

Kwenye kikoba chetu tupo kadhaa tunaotumia kopo. Mmoja ana mapacha, mwingine anakunywa dawa ambazo daktari amesema asinyonyeshe. Wamekubaliana tuwaandikie TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kuomba maneno yale yaondolewe au yalainishwe, kwa sababu yanamuumiza mama asiye na namna. Wanataka mimi niiandike barua, maana kazi yangu ndiyo hiyo, na niweke ushuhuda wangu humo. Wifi yangu ni nesi. Aliposikia akaniambia, "Wifi, onyo hilo limewekwa kwa sababu kuna watoto walizikwa. Ukisaini usinihesabu." Hatuongei hadi leo.

Likizo yangu inaelekea kuisha na mama mkwe ndiye atakayebaki na mtoto. Anajitahidi. Amesema ili maziwa yale yasimdhuru mjukuu wake anayafanya mepesi, na kweli kopo la gramu 400 lililokuwa likiisha kwa siku 8 sasa linafika wiki mbili. Mume wangu anafurahi kwa sababu ya bei. Kliniki ya juzi mtoto alikuwa na kilo 4.6, foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyesema kitu. Maziwa yangu nayo naona yamebaki ya usiku tu.

Nisaini au nisisaini? Au niachane na kopo kabisa, yaishe?

Mama wa Ilazo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa mtoto. Umeniuliza juu ya barua, nami nitaifikia. Lakini barua yako ina namba mbili ambazo haziwezi kusubiri mkutano wa kikoba, kwa hiyo naanza nazo.

Wiki ya 6 kilo 4.4, wiki ya 10 kilo 4.6. Hizo ni gramu 200 kwa wiki nne. Mtoto wa umri huo hutarajiwa kuongeza angalau nusu kilo kwa mwezi. Namba ya pili ni kopo linalodumu. Mtoto asiyenyonya kabisa huhitaji takribani mililita 150 za maziwa kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 4.6 anahitaji kama mililita 690. Tuseme nusu anaipata kwako, inabaki kama mililita 345 za kopo. Makopo mengi hupima kijiko 1 kwa mililita 30 za maji, na kijiko hicho hubeba gramu 4 na ushee. Hapo unatumia vijiko 11 au 12 kwa siku, kama gramu 50, na kopo la gramu 400 linakwisha siku ya 8. Ndivyo lilivyokuwa likienda kabla. Kama mtoto hajaongeza kunyonya kwako na kopo linafika wiki mbili, katika maziwa ya kopo mwanao anapata karibu nusu tu ya unga anaostahili, na pengo limejazwa maji.

Mama mkwe anafanya hivyo kwa upendo, na kwa hesabu inayoeleweka: kitu kina madhara, basi kipunguze. Bahati mbaya kwa maziwa haya hesabu inageuka. Maji hujaza tumbo, mtoto ananyamaza, anaonekana kashiba, na uzito hausogei. Yakizidi kuwa mepesi, chumvi ya mwilini nayo hushuka, mtoto analegea na anaweza kupata degedege. Kuyafanya mazito ili kufidia ni kosa jingine, maana figo zake changa haziwezi kazi hiyo na anaishiwa maji mwilini. Kipimo cha kwenye kopo hakina tafsiri ya "mepesi" wala "mazito".

Kwa hiyo mrudishe kliniki wiki hii, usingoje mwezi ujao. Ukimwona amelegea, hataki kunyonya, ana homa, anatapika mfululizo, au anakojoa chini ya mara 6 kwa saa 24, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Sasa tulitazame lile kopo la siagi. Naelewa kwa nini ulilitafuta. Lakini karatasi uliyoitupa ilikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo na kipimo cha maji kwa kijiko. Kijiko cha kopo moja hakifanani na cha jingine, vingine hupimia mililita 60, na atakayebaki na mtoto hana pa kusoma. Tena maziwa ya unga yakipigwa na unyevu hushikamana na kijiko hakipimi sawa. Yaache kwenye kopo lake. Kama macho ya wageni yanakusumbua, liweke kabatini na ufunge mlango wa kabati.

Kuandaa ni hivi. Unga huu hautoki kiwandani ukiwa hauna vijidudu hata kidogo. Kuna bakteria waitwao Cronobacter, na salmonela pia, ambao wanaweza kuishi ndani ya unga mkavu, na kwa mtoto mchanga huweza kuleta maambukizi ya damu au ya utando wa ubongo. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2007, lilielekeza kwamba maji ya kukorogea yawe na nyuzijoto zisizopungua 70, yawaue. Baadhi ya makopo yenyewe husema maji ya uvuguvugu. Hapo muulize nesi, na mimi naegemea upande wa 70 kwa mtoto mdogo kama wako. Chemsha angalau lita 1 mpaka itokote, funika, usiiache zaidi ya dakika 30. Maji kidogo ya kikombe kimoja hupoa upesi mno, na yale ya chupa ya chai yaliyobaki nusu tangu jioni saa nane za usiku hayana tena joto hilo. Mimina maji kwanza kwenye kikombe cha kupimia kilichooshwa kwa sabuni na kuchemshwa, kisha weka unga, kijiko kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu safi, bila kushindilia. Koroga, poza kwa kukizamisha kikombe kwenye bakuli la maji ya baridi, dondoshea kidogo ndani ya kiganja chako kuona hayamwunguzi. Ndani ya saa 2 yawe yamenywewa. Kilichobaki kinamwagwa, hata kama roho inauma kwa bei.

Na hapa Dodoma kuna jambo la maji. Tunakunywa sana maji ya visima, na mtaa kwa mtaa chumvi inatofautiana. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi hakuiondoi, na ukichemsha kwa muda mrefu inazidi kukolea. Yakiwa na ladha ya chumvi mdomoni mwako, usiyatumie kwa mtoto. Tafuta yasiyo na chumvi, au ya chupa yenye sodiamu ndogo kwenye lebo yake, na hayo pia uyachemshe. Mgao wa maji ukiwabana, afadhali kikombe kidogo cha wazi kuliko chupa ya kunyonyea. Kikombe unakifikia kila pembe kwa kidole na sabuni, chuchu ya mpira ina mahali pengi pa kujificha uchafu, na mtoto wa wiki 10 anaweza kabisa kunywa kwa kikombe akiwa amekalishwa wima na maziwa yakigusa tu mdomo wa chini.

Unaona basi kwamba katika yale maneno mume wako aliyoyasoma kulikuwa na vitu viwili tofauti. Kimoja kilisema maziwa ya mama ndiyo bora. Kingine kilisema maandalizi mabaya yanadhuru. Nyumbani kwenu vikasikika kama sentensi moja, "haya maziwa yanadhuru", na ile sehemu iliyokusudiwa kumlinda mtoto ndiyo ikawa sababu ya kuyapunguza. Nani kakosea hapo? Msomaji, mwandishi wa lebo, au anayeuza dawa na maziwa bila kumkalisha mama dakika kumi? Sina haraka ya kujibu.

Maneno hayo yana historia. Miaka ya 1970 kampuni zilituma wanawake waliovaa sare nyeupe kama za manesi hadi wodi za wazazi katika nchi maskini, Afrika ikiwemo, wakigawa maziwa ya bure. Likizoeleka kopo, ziwa linapungua. Sampuli ikiisha, mama hana hela ya kununua ya kutosha, anayazimua, na maji yenyewe si salama. Watoto walikufa kwa kuhara na utapiamlo. Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa hayo, kura 118 zikikubali na moja tu, ya Marekani, ikipinga. Kanuni hizo ndizo zilizotaka kila kopo liwe na tangazo muhimu, sentensi ya ubora wa maziwa ya mama, agizo la ushauri wa mtaalamu, maelekezo ya kuandaa na onyo la maandalizi mabaya, na zikakataza picha ya mtoto kwenye kopo. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na mpya mwaka 2013. Wifi yako anaposema watoto walizikwa, anasema kweli.

Na wewe unaposema yanakuchoma, unasema kweli pia. Sentensi ile iliandikwa kumzuia muuzaji, na kumfikia mama aliye dukani ambaye ziwa lake bado lina maziwa. Haikujua kwamba atakayeisoma ameongezewa damu, na kwamba daktari ndiye aliyemtuma dukani. Mama wa mapacha naye, na yule wa dawa, wanaambiwa jambo ambalo hawawezi kulifuata, na wanaambiwa kila wanapofungua kopo, mchana na usiku. Huzuni yao haipaswi kuitwa udhaifu.

Ila nikuulize kwa upole. Lile swali la mama mkwe lisingekuja kama kopo lingekuwa halina neno? Yule jirani aliyekunong'oneza, alisoma lebo? Nadhani aliona kopo tu. Anachoamini, kwanza, kimepitwa na wakati: mama mwenye virusi hapa nchini anayetumia dawa zake sawasawa hushauriwa kunyonyesha, na maziwa yake pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Aibu unayoibeba ina mikono mingi, na wa lebo ni mmoja kati yake. Sitaki usaini barua ukitegemea kwamba maneno yakiondoka utalala vizuri, kisha usilale.

Kuhusu kusaini, naona njia zaidi ya mbili. Ukiiandika kama wanakikoba walivyokubaliana, mtasikika, na wenzako hawatabaki peke yao. Hatari yake ni kwamba "onyo linawaumiza akina mama" ni hoja ambayo wauzaji wa maziwa nao huipenda, na barua yenye ushuhuda wa mtumishi wa serikali inaweza kutumika na watu ambao hamkuwatuma. Pia ushuhuda ukishatoka kikobani haurudi. Mambo ya damu yako na ziwa lako yatasemwa na wasiokujua. Ukikataa, unalinda siri yako na pengine amani na wifi, lakini utakaa kwenye vikao ukijua uliwanyima kalamu waliokutegemea. Iko pia njia ya kuomba kingine: onyo la maandalizi libaki, tena liwe kubwa na Kiswahili chake kiwe chepesi, lenye michoro ya kijiko na maji, na sentensi ya ubora iandikwe kwa namna inayomtambua mama aliyeelekezwa na daktari. Hiyo ina ugumu wake, kwa kuwa kanuni zimetaja sentensi ya ubora na TBS hawawezi kuifuta kwa barua moja, na baadhi ya wenzako wataona umewapunguzia makali. Kabla ya lolote, ningependa wifi yako aisome rasimu. Yeye anajua wodi, wewe unajua usiku wa mama mwenye kopo. Mnaweza kuendelea kutokubaliana na bado mkaongea.

Uliuliza pia kama uache kopo. Kuliacha ghafla kwa mtoto wa uzito huu ni hatari, usifanye. Lakini nina shaka kidogo na neno lako kwamba maziwa yamebaki ya usiku tu. Ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa, na usiku homoni ya maziwa huwa juu zaidi, hivyo kuwa nayo usiku ni dalili kwamba ziwa bado linafanya kazi. Mwanzishe ziwa kwanza kila mara, pande zote mbili, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, kopo lije baadaye. Katikati kamua kwa mkono: kidole gumba juu, vidole vingine chini, sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, zungusha upande mwingine. Usivute chuchu. Dakika 3 hadi 5 kila ziwa kwa kupokezana, jumla 20 hadi 30. Yaliyokamuliwa hukaa saa 4 mahali penye ubaridi; kwenye friji hufika siku 4, lakini umeme ukiwa unakatikakatika usivuke saa 24. Yawezekana yataongezeka, yawezekana baada ya damu ile yatabaki hapohapo. Kupunguza kopo iwe kwa mizani, nesi akiona uzito unapanda, kidogo kidogo.

Kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kutoka Mtumba hadi Ilazo na kurudi, saa hizo zitaishia barabarani. Zungumza na mkuu wako mapema, kwa maandishi, kama mnaweza kukubaliana utoke mapema jioni na upate chumba chenye mlango cha kukamulia mchana.

Jambo moja la kwako mwenyewe. Ukiona machozi hayaishi, usingizi hauji hata mtoto akilala, au unajiona huna thamani kwake, mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Jambo hilo huwapata wengi baada ya kujifungua, na lina tiba. Ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mumeo saa hiyohiyo akupeleke hospitali, usikae nayo peke yako.

Kliniki msiende wawili, nendeni watatu, na mama mkwe ambebe mjukuu wake. Bebeni kopo lenye maandishi yake, kijiko na kikombe. Mwombe nesi amwelekeze mama mkwe, naye mama mkwe mwenyewe apime maji, asawazishe kijiko, akoroge mbele ya nesi, na nesi amwonyeshe kwenye kadi ule mstari wa uzito ulivyolala tangu wiki ya 6. Usimwambie wewe nyumbani kwamba alikosea; atasikia kama unamfukuza jikoni. Na mumeo, kwa kuwa ndiye aliyesoma ile sehemu ya juu ya lebo kwa sauti, mwombe awasomee na ile ya chini, yenye vipimo.